Rangi ya gari: kutoka kiwandani mpaka ndani ya parseli

Gari linalotoka Sake kupanda Masisi, likapita Nyabiondo na kuendelea mpaka Mpofi kwenye njia ya Walikale, halifiki na rangi yake yote. Mawe yanapiga chini ya milango. Matope yanaingia kwenye mikunjo ya bati na kukaa humo siku nyingi, mpaka kutu inaanza. Likirudi Goma, wa kwanza kulishika ni fundi wa moteri, wa pili ni tolie, yule anayenyoosha bati, na nyuma yake anakuja mtu wa rangi. Mara nyingi huyo wa mwisho hana garaji. Anafanya kazi ndani ya parseli, chini ya turubai, hatua chache kutoka mlango wa nyumba ambamo watoto wanalala.

Kwa kijana aliyekimbia vita, kazi hii ina faida moja kubwa: inakaa mkononi. Shamba linabaki Masisi, ng'ombe anaibiwa, na hakuna anayebeba kompresa kichwani usiku wa kukimbia. Lakini anayejua kulainisha bati anaweza kuanza tena popote kwa karatasi mbili za msasa na ndoo ya maji. Kambi za Bulengo na Lushagala zilipoondolewa watu mwanzoni mwa 2025, kila familia ilirudi au ilihama na ilichoweza kubeba. Ufundi ni kati ya vile visivyo na uzito. Ndiyo sababu inafaa kujua kazi hii ilitoka wapi, na ni kitu gani ilikiacha njiani kabla ya kufika huku.

Magari ya kwanza ya Ulaya na Marekani yalipakwa kwa burashi, kama yale ya kukokotwa na farasi. Ilikuwa rangi ya mafuta na verni, tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka ilisubiriwa ikauke, ikasuguliwa, kisha ikafuata nyingine, na gari moja liliweza kukaa wiki kadhaa katika chumba cha rangi. Ford, aliyetaka magari mengi kwa haraka, alitoa Model T kwa rangi nyeusi peke yake toka 1914 mpaka 1925. Wakati huo huo kampuni ya DuPont ilikuwa imetengeneza rangi mpya inayoitwa Duco, iliyotoka katika selulosi, yaani maada ya pamba na miti. Magari ya Oakland, ya kampuni ya General Motors, yalitoka nayo kwa ajili ya mwaka wa 1924, yakiwa ya buluu. Ilikauka kwa saa, si kwa wiki. Hapo ndipo kazi ya rangi ilianza kufanana na ile tunayoiona leo.

Vyombo vyake vina historia zao, na hizo ndizo za kushangaza.

Tuanze na karatasi ya msasa, ile wengine wanaita emeri. Zamani ilikuwa ya kusuguliwa kavu tu, kwa sababu gundi yake iliyeyuka ikiguswa na maji. Wafanyakazi walisugua rangi yenye madini ya risasi na vumbi lote liliingia vifuani mwao. Risasi hiyo si ya bunduki, ingawa madini ni yale yale na neno ni lile lile. Francis Okie, mtengenezaji wa wino wa Philadelphia, alipata njia ya kutengeneza msasa usioogopa maji, na mwaka wa 1921 kampuni ya 3M ikaanza kuuuza. Kijana wa Goma anayechovya karatasi nyeusi ndani ya ndoo kabla ya kusugua mlango wa gari anatumia kitu kilichopendwa viwandani kwa sababu kilituliza vumbi. Wengi wanadhani maji ni ya kulainisha tu.

Bandi ya karatasi ya kuzuia rangi isiingie kwenye vioo ilifuata. Richard Drew, kijana wa kampuni hiyo hiyo, alikuwa akipeleka misasa kwenye garaji za St. Paul, Minnesota, ili ijaribiwe. Huko aliwakuta watu wa rangi wakitukana, kwa maana magari ya rangi mbili yalikuwa yamependwa, na kila walipobandua karatasi walizozibandika, rangi mbichi ilitoka nazo. Mwaka wa 1925 aliwapa bandi inayoshika na kuachia. Huku kwetu gazeti la zamani na sabuni vinafanya kazi hiyo pale bandi inapokosekana, na vinaifanya vizuri kuliko mtu anavyofikiri.

Pistole ya rangi ndiyo yenye asili ya ajabu kuliko vyote. Allen DeVilbiss alikuwa daktari wa masikio, pua na koo huko Toledo, Ohio. Mwishoni mwa karne ya 19 alitengeneza kifaa cha kurushia dawa kooni mwa mgonjwa kama ukungu. Mtoto wake Thomas alikichukua na kukigeuza, na mwaka wa 1907 akatoa pistole ya kurushia rangi. Kwa hiyo chombo kinachoumiza vifua vya watu wa rangi leo kilianza kama chombo cha kutibu koo.

Katika Kongo ya Wabeleji, magari yalikuwa ya kampuni, ya misheni, ya Serikali na ya wazungu wenye mashamba. Garaji zao ndizo zilikuwa shule: Mukongomani aliingia kama msaidizi wa kuosha na kusugua, akatoka akiwa na jicho la kazi. Kisha ilikuja 30 Novemba 1973. Siku hiyo Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba makubwa ya wageni yatapewa wana-Zaire. Maduka mengi yaliisha vitu kwa muda mfupi, vipuri vikaadimika, na garaji kubwa zikadhoofika. Watu walibaki na kile wote wanachokiita Kifungu cha 15: jitafutie. Kuanzia hapo kazi ya rangi ilitoka ndani ya karakana yenye ukuta, ikaingia barabarani na katika parseli. Ufundi ulitoka. Vyumba vya kuvuta hewa chafu, maski na daktari wa kampuni havikutoka nao.

Kongo haikuwa peke yake. Nairobi, watu wa kazi hizi walipewa jina la jua kali kwa sababu walifanya kazi bila paa. Ripoti ya Shirika la Kazi la Kimataifa ya mwaka wa 1972 ndiyo iliyoifanya dunia itambue kwamba kazi kama hizo zinalisha watu wengi. Mwaka wa 1985 Rais Moi aliwatembelea wa Kamukunji na kuahidi vibanda. Paa lilikuja, lakini ilikuwa kinga ya jua. Vumbi na mvuke vilibaki palepale. Tena huko rangi ilifika mpaka katika sheria: kuanzia 1 Februari 2004, matatu zote za Kenya zililazimishwa kuwa na mstari wa njano ubavuni. Dar es Salaam nako daladala zilitambulika kwa rangi ya njia zao. Amri moja ya Serikali, na mafundi wa rangi wanakosa usingizi kwa wingi wa kazi. Magari mengi ya Goma, yale ya usukani wa kulia, yanapita Mombasa na Dar es Salaam, na maneno yanapita nayo. Mtu aliyejifunzia upande wa Kampala anasema tina. Aliyejifunzia Goma anasema diluani. Ndani ya kopo ni kitu kimoja.

Goma ina taabu zake. Lava ya Nyiragongo ya 17 Januari 2002 ilipita katikati ya muji na kufunika nyumba, maduka na karakana. Ilipopoa iliacha mchanga mweusi ambao upepo hauachi kuuinua. Chembe moja tu ikitua kwenye verni mbichi, kazi ya siku inarudiwa. Kwa hiyo mtu wa rangi anamwaga maji chini kabla ya kuanza, na anapenda asubuhi mapema, upepo haujaamka. Baadaye umeme ulibadilisha mambo: kituo cha Matebe huko Rutshuru, cha megawati 13 hivi, kilizinduliwa Desemba 2015, na waya zake zikafika Goma. Kompresa, hata ile iliyotolewa kwenye friji bovu, sasa inaweza kulia ndani ya parseli ya kawaida. Upande wa Mpofi, mbali na waya hizo, ni jenereta au pampu ya mkono, na kinachopakwa mara nyingi ni tangi la pikipiki ya motari.

Lakini jambo zito lilikuja pole pole, na halina kelele ya kompresa.

Rangi ya selulosi ina udhaifu mmoja: haipendi ukungu. Diluani inapotoka haraka, bati linapoa, unyevu wa hewa unatua juu yake, na rangi inakuwa nyeupe kama imepakwa unga. Anayefanya kazi kwenye milima ya Masisi wakati wa mvua anaijua taabu hiyo. Basi ilipokuja rangi ya vikopo viwili, watu waliipokea kwa furaha. Asili yake ni kazi ya Otto Bayer, mkemia wa Leverkusen, Ujerumani, aliyevumbua poliyurethani mwaka wa 1937. Kopo la kwanza ni rangi au verni, la pili ni dogo, la kukazisha. Vikichanganywa vinashikana vyenyewe, vinatoa mng'ao mkali, na petroli ikimwagika juu yake haiondoi kitu. Ndiyo verni ambayo kila mwenye gari anaitaka.

Ndani ya kile kikopo kidogo kuna isosianati. Duniani, hizo ni kati ya sababu kubwa za pumu inayotokana na kazi. Harufu yake ni ndogo, kwa hiyo pua haimuonyi mtu. Mwaka wa kwanza anaweza asisikie chochote. Siku moja mwili unazikataa, na kutoka hapo hata kiasi kidogo kinatosha kufunga kifua. Zinaweza pia kupitia ngozi. Katika viwanda vya nchi tajiri, anayepiga verni hiyo anasimama ndani ya chumba kinachovuta hewa nje, na usoni ana maski inayoletewa hewa safi kwa bomba. Njiani kutoka huko mpaka Goma, verni ilifika na maski ikabaki. Kitambaa kilichofungwa puani kinazuia vumbi kidogo, mvuke hakizuii hata kidogo. Maziwa ambayo watu wengi wanakunywa baada ya kazi ni chakula kizuri, lakini yanaenda tumboni, na sumu imeenda kifuani.

Kusugua nako kuna hatari yake ndani ya parseli. Gari la zamani, hasa la njano au jekundu, linaweza kuwa na risasi katika rangi yake ya chini. Msasa wa maji unatuliza vumbi, lakini maji yale machafu yakimwagwa kando ya nyumba yatakauka, na matope yatakuwa vumbi tena, mahali watoto wanakochezea. Ni bora yakusanywe katika beseni kuukuu, na watoto wakae mbali, upande upepo unakotoka, mpaka pistole inyamaze. Asiyeweza kupata maski ya vichujio vya mkaa anaweza bado kuchagua rangi ya kopo moja kwa kazi ya nyumbani, na verni ya vikopo viwili akaipeleka kwa mwenye uwanja ulio wazi na vifaa. Mteja atalalamika kwamba mng'ao ni mdogo. Acha alalamike.

Kuna dalili moja ambayo inapotea kwa urahisi katika eneo lenye malaria na baridi ya milima. Isosianati zinaweza kufunga kifua saa kadhaa baada ya kazi: mtu amepiga verni mchana, usiku anakohoa na kupumua kwa filimbi, siku ambayo hana kazi anapata nafuu, kisha akirudi kazini inaanza upya. Anapofika kituo cha afya anasema ana kikohozi, anapewa dawa ya kikohozi na kurudi nyumbani. Muuguzi hawezi kukisia kuhusu kikopo kidogo cha kukazisha. Mgonjwa ndiye wa kumwambia, kabla ya kitu kingine chochote, kwamba yeye ni mtu wa rangi.