Kiungo

Vichwa vipya vya treni vya mfano, vile vidogo vya kipimo cha 1:160, vinasifiwa kwa jinsi vinavyoshikana na mabehewa. Ndoano nene ya plastiki inaondoka. Badala yake kuna kifaa kidogo kinachokunjika kama kidole, sawa na cha treni halisi. Tukiiteje? Wengine husema kulabu. Mimi natetea kiungo.

Kulabu hunasa tu. Mabehewa ya mizigo yanayopita Bungoma kwenda Malaba hayanaswi: taya mbili za chuma hugongana, zikakumbatiana, kisha komeo la ndani likashuka na kuzifunga. Huko ni kuungana hasa. Tena kiungo cha mwili, kiwiko au goti, hushika huku kikigeuka, na reli yenye kona huhitaji hilohilo.

Atakayetengeneza mfano wa reli ya Kitale, ile yenye upana wa milimita 1,000, kwa kipimo cha 1:160 atapata njia ya milimita 6.25. Kwa udogo huo, ndoano nene ingeharibu sura yote. Mafundi wa Kitale na Bungoma, liandikeni neno kiungo.