Taabu za askari na wapagazi katika milima ya Uluguru (1916–1917)

Taabu za askari na wapagazi katika milima ya Uluguru ni mateso yaliyowapata wanajeshi na watu waliobeba mizigo yao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia katika eneo la Morogoro, leo nchini Tanzania. Kuanzia Agosti 1916 hadi miezi ya kwanza ya 1917 majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani yalipigana kuzunguka milima hiyo na katika mabonde yaliyo kusini yake. Baridi ya usiku, mvua, njaa na maradhi viliwaondoa watu wengi zaidi kuliko risasi. Waliokufa wengi hawakuwa askari, bali wapagazi Waafrika, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana.

Mazingira ya milima

Milima ya Uluguru ni sehemu ya safu ya milima ya Tao la Mashariki. Iko upande wa kusini wa mji wa Morogoro, ambao wenyewe uko kwenye kimo cha takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana kutoka mjini, kina mita 2,138, na sehemu za juu kabisa za milima zinazidi mita 2,600. Wenyeji wake ni Waluguru, ambao ni wakulima wa miteremkoni.

Kwa kawaida halijoto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za selsiasi kila mtu anapopanda mita 1,000. Hivyo mtu anayetoka tambarare yenye joto kali anaweza kulala siku ileile mahali penye baridi na ukungu. Hakuna theluji Uluguru, ila usiku wa Juni, Julai na Agosti ni wa baridi sana kwenye matuta ya juu. Upande wa mashariki unapokea pepo kutoka Bahari Hindi na kupata mvua karibu kila mwezi wa mwaka. Upande wa magharibi ni mkavu zaidi. Mito ya Ruvu, Ngerengere na Mgeta hupata maji yake katika milima hii.

Vita kufika Morogoro

Vita vilipoanza mwaka 1914 eneo hili lilikuwa sehemu ya koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Gavana Heinrich Schnee alihamisha ofisi yake kutoka Dar es Salaam, iliyoweza kupigwa mizinga na manowari za Waingereza, akaja Morogoro kwenye Reli ya Kati. Jeshi la koloni, lililoitwa Schutztruppe, liliongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Mwanzoni mwa 1916 lilikuwa na Wajerumani karibu 3,000 na askari Waafrika takriban 11,000.

Februari 1916 Jan Smuts wa Afrika Kusini alikabidhiwa uongozi wa majeshi ya Uingereza. Askari wake walitoka Afrika Kusini, Rhodesia, Uhindi, Uingereza, Gold Coast (leo Ghana) na vikosi vya King's African Rifles (KAR) vya Afrika Mashariki. Mwezi Machi waliteka Moshi, kisha wakashuka kufuata mto Pangani hadi Handeni. Kundi lingine chini ya Jaap van Deventer lilipitia Kondoa na kufika Dodoma mwishoni mwa Julai. Tarehe 17 Agosti palikuwa na mapigano Dakawa kwenye mto Wami, na tarehe 26 Agosti Waingereza waliingia Morogoro.

Smuts alitumaini kuwazingira Wajerumani mjini, lakini aliukuta mji wameshauacha. Von Lettow-Vorbeck alikuwa ameondoa jeshi lake kuelekea kusini kupitia pande zote mbili za milima, kwenda Kisaki.

Njia za milimani

Waingereza waliwafuata kwa njia mbili. Upande wa mashariki walipitia Matombo kuelekea Tulo, ambako barabara ilipaswa kuchongwa katika miamba na madaraja kujengwa upya. Upande wa magharibi askari wapanda farasi wa Afrika Kusini walipitia Mlali na Mgeta. Huko hapakuwa na barabara, ila vijia vya miguu juu ya matuta. Magari na mizinga havikuweza kupita, na farasi walivutwa kwa hatamu, mmoja nyuma ya mwingine.

Makundi ya upande wa magharibi yalifika Kisaki yakiwa yamechoka na bila kuweza kusaidiana. Tarehe 7 na 8 Septemba kila moja lilipigana peke yake, na yote mawili yalirudishwa nyuma. Wajerumani waliondoka Kisaki baada ya siku chache, wakajipanga upande wa kusini wa mto Mgeta. Huko pande zote mbili zilibaki zikitazamana hadi mwisho wa mwaka, kwa kuwa Waingereza hawakuwa na nguvu ya kuendelea.

Baridi na mvua

Sare za askari zilikuwa nyepesi, kwa ajili ya nchi ya joto. Mizigo yenye mahema na mablanketi ilipokwama nyuma, watu walilala chini wakiwa wameloa. Kuwasha moto usiku kulikuwa hatari karibu na adui, na kuni zenyewe zilikuwa mbichi.

Baridi isiyogandisha maji inaweza pia kuua. Nguo zilizoloa huondoa joto la mwili haraka kuliko nguo kavu, na upepo huongeza upotevu huo. Mwili hutengeneza joto kutokana na chakula, kwa hiyo mtu mwenye njaa hawezi kujikinga vizuri. Mgonjwa wa malaria hutetemeka kwa homa, kisha hutokwa na jasho jingi. Akilala nje baada ya hapo hupoa kupita kiasi. Walioteseka zaidi ni wapagazi kutoka pwani na nchi za joto, ambao mara nyingi walikuwa na nguo kidogo na blanketi moja tu. Homa ya mapafu (nimonia) ilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyoua wapagazi wengi katika vita hivyo.

Magonjwa

Malaria ndiyo iliyoangusha askari wengi kuliko ugonjwa wowote mwingine. Wazungu na Wahindi waliotoka sehemu zisizo na malaria hawakuwa na kinga. Waafrika waliotoka nyanda za juu zenye baridi nao walikuwa vivyo hivyo walipopelekwa mabondeni. Dawa iliyotumika ilikuwa kwinini, lakini haikufika kila mahali kwa wakati. Kuhara damu kulifuata, kwa sababu watu maelfu walikunywa maji ya mito ileile waliyoichafua. Funza waliingia katika vidole vya miguu na kuwafanya watu washindwe kutembea.

Mifano miwili inaonyesha ukubwa wa tatizo:
- Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilikuwa na watu 1,135 mwezi Februari 1916. Ilipofika Oktoba waliobaki wazima wa kufanya kazi walikuwa 116, ingawa kikosi hicho kilikuwa kimepigana kidogo tu.
- Kikosi cha 2 cha Rhodesia, chenye watu wapatao 1,000, kiliandikisha visa zaidi ya 10,000 vya ugonjwa katika muda wa miaka miwili hivi. Maana yake ni kwamba kwa wastani kila mtu aliugua mara kumi.

Kati ya Oktoba na Desemba 1916 Smuts aliwaondoa askari kati ya 12,000 na 15,000 waliokuwa wagonjwa, wengi wao Wazungu wa Afrika Kusini. Nafasi zao zilichukuliwa zaidi na askari Waafrika wa KAR, wa Gold Coast na wa Nigeria.

Wanyama na chakula

Tambarare zinazozunguka Uluguru zilikuwa na mbung'o, ambao hueneza ugonjwa wa nagana kwa mifugo. Farasi, nyumbu, punda na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa maelfu, wengi wao wiki chache tu baada ya kuletwa. Reli nayo ilikuwa imeharibiwa na Wajerumani, ambao walibomoa madaraja na kutumbukiza mabehewa mabondeni. Magari yalikwama kwenye matope.

Kwa hiyo mizigo ilirudi vichwani mwa watu. Njia hii ina kikomo chake. Ikiwa mpagazi anabeba kilo 25 za unga na yeye mwenyewe anakula kilo moja kwa siku, safari ya siku kumi kwenda na siku kumi kurudi itamaliza kilo 20. Zitakazomfikia askari ni kilo 5 tu. Kadiri jeshi lilivyosonga mbele, ndivyo wapagazi wengi zaidi walivyohitajika, na ndivyo posho ilivyopungua. Askari wa mbele mara nyingi walipewa nusu ya posho au chini ya hapo.

Wapagazi

Katika vita vyote vya Afrika Mashariki upande wa Uingereza uliandikisha watu karibu milioni moja kubeba mizigo, kutengeneza barabara, kupika na kubeba majeruhi kwa machela. Wachache walikubali kwa hiari. Wengi walichukuliwa kwa nguvu au kutolewa na machifu kwa amri ya serikali. Idara iliyowasimamia ilijulikana kwa Kiingereza kama Carrier Corps. Jina hilo limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, mahali palipokuwa na kambi zao.

Chakula chao kilikuwa chanzo cha maradhi. Unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa kwa haraka kwa sababu ya uchache wa sufuria, kuni na muda, uliharibu matumbo. Watu waliozoea ndizi, kama wengi waliotoka Uganda, waliathirika zaidi. Aliyeanguka njiani mara nyingi aliachwa, kwa kuwa msafara haukuweza kusimama.

Wanahistoria wanakadiria kuwa wapagazi wa upande wa Uingereza waliokufa walifikia 100,000 au zaidi. Kwa kulinganisha, askari wa upande huo waliokufa walikuwa karibu 10,000, na theluthi mbili hivi kati yao waliuawa na maradhi.

Upande wa Wajerumani

Schutztruppe ilikuwa na faida ya kurudi nyuma kuelekea maghala yake. Askari wake wengi walizoea hali ya nchi, na baadhi walifuatana na wake zao, waliowapikia na kuwauguza. Lakini bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Uingereza, hivyo bidhaa kutoka Ulaya hazikufika. Kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara kilitengeneza kwinini kutokana na magome ya mti wa mkwinini. Baada ya Amani kutekwa mwaka 1916, askari walikunywa maji machungu ya magome yaliyochemshwa. Viatu vilishonwa kwa ngozi za wanyama, na wengi walitembea pekupeku. Wapagazi wa upande huu nao walichukuliwa kwa nguvu, na hesabu ya vifo vyao haikutunzwa.

Mafuriko ya Rufiji

Mwanzoni mwa Januari 1917 Waingereza walivuka Mgeta na kusonga hadi mto Rufiji. Tarehe 4 Januari mwindaji mashuhuri Frederick Selous, aliyekuwa kapteni mwenye umri wa miaka 65, aliuawa Beho Beho. Mvua za msimu huo zilikuwa kubwa kupita kawaida. Rufiji ilifurika, na barabara ya kutoka Morogoro kupitia Uluguru ikageuka matope na maji. Kikosi cha Nigeria kilichobaki bondeni kilikaa na njaa kwa miezi kadhaa, kikila chochote kilichopatikana porini.

Vita viliendelea kusini hadi Msumbiji na Rhodesia ya Kaskazini. Von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918.

Athari kwa wenyeji

Majeshi yote mawili yalichukua nafaka, mifugo na vijana kutoka vijijini. Mashamba yaliyokosa watu wa kulima hayakutoa mavuno. Katika Ugogo, upande wa magharibi wa Morogoro, njaa iliyofuata inakumbukwa kwa jina la Mtunya. Kabla watu hawajapata nafuu, homa ya mafua ya 1918–1919 ilienea na kuua wengi tena.

Kumbukumbu

Mjini Morogoro kuna makaburi ya askari wa vita hivyo yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawakumbuka askari Waafrika na wapagazi kwa jumla, bila majina.

Mwaka 1917 tume hiyo iliundwa kwa msingi kwamba kila aliyekufa akumbukwe sawa na mwenzake. Mwezi Aprili 2021 ilitoa ripoti iliyokiri kwamba msingi huo haukufuatwa kwa watu wa makoloni, ikaomba radhi. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri.