Watoto wa Bi Caroline

Caroline Norton alikuwa mwandishi. Natanguliza hilo kwa makusudi, maana wengi wanaomtaja huanza na mumewe, kisha kashfa yake na Waziri Mkuu wa Uingereza, halafu ndipo wakumbuke kwamba mashairi na riwaya zake ndizo zilizosaidia kulisha ile nyumba.

Aliolewa London mwaka 1827, binti wa miaka 19. Mume, George Norton, alikuwa mwanasheria na mbunge. Jamaa wa suti safi na mkono mwepesi. Kipigo kilianza mapema. Mwaka 1835 alimpiga mkewe akiwa mjamzito, mimba ikatoka. Mara kadhaa Caroline alikimbilia kwa ndugu zake, na kila mara akarudi.

Kwa nini alirudi? Swali hili hata mitaani kwetu huulizwa, tena kwa dharau: si aondoke tu! Jibu la Caroline lilikuwa watoto wa kiume watatu: Fletcher, Brinsley na William. Kwa sheria ya Kiingereza ya siku zile, mtoto wa ndoa alikuwa wa baba. Baba awe mlevi, awe mkatili, haidhuru. Mwaka 1804 ilifika mahakamani kesi ya mama mmoja, Bi De Manneville, aliyemkimbia mumewe kwa mateso. Mume alimfuata akamnyakua mtoto wa miezi minane, ambaye bado ananyonya. Majaji waliona baba hakuvunja sheria yoyote. Yaani mwanamke aliyepigwa alikuwa na hiari mbili: avumilie, au aende peke yake.

Mwaka 1836, Caroline akiwa kwa dada yake, George aliwaondoa watoto nyumbani. Kisha akamshitaki Waziri Mkuu mwenyewe, Lord Melbourne, akidai fidia ya ugoni paundi 10,000. Caroline, ambaye jina lake ndilo lililokuwa likichafuliwa, hakuruhusiwa kusema neno kortini. Kesi ilisikilizwa tarehe 22 Juni, na wazee wa juri hawakutoka hata chumbani kushauriana. Walisema palepale kwamba Melbourne hana hatia. Ungedhani sasa mama atarudishiwa wanawe. Wapi! Kesi imeshindwa, lakini watoto bado wa baba.

Hapo ndipo alipoishika kalamu kwa nia nyingine. Aliandika vijitabu kuhusu mama kutenganishwa na mtoto, kimoja kwa jina la kiume la bandia, akavisambaza kwa wakubwa. Mbunge Thomas Talfourd akaupeleka muswada Bungeni. Mwaka 1838 Malodi waliukataa. Mwaka 1839 ukapita. Mama sasa angeweza kuomba mahakamani akae na mtoto mpaka atimize miaka saba, na amtembelee akishavuka umri huo. Sharti: asiwe amethibitika kufanya ugoni. Soma vizuri hapo. Ugoni wa mama ulitajwa. Fimbo ya baba haikutajwa popote.

Na Caroline je? George alikuwa amewapeleka watoto Scotland, ambako sheria hiyo haikufika. Mwaka 1842 William alianguka kutoka kwenye farasi, jeraha likaingia sumu. Mama aliitwa, akafika mtoto ameshakata roho. Mimi ninayehangaika na riwaya nisingethubutu kubuni jambo hilo. Mhariri angesema nimezidisha chumvi. Baada ya mazishi ndipo George akalegea, akawaruhusu wale wawili waliobaki wakae kwa mama yao kwa vipindi.

Kipigo na malezi ya mtoto vilikuja kukutana katika sheria ya Kiingereza mwaka 1878, baada ya kelele za mwandishi mwingine, Frances Power Cobbe. Hakimu aliruhusiwa kumtenga mke na mume aliyetiwa hatiani kwa kumshambulia vibaya, na kumpa mke huyo watoto walio chini ya miaka kumi. Toka kifo cha William, miaka 36.

Sisi tunaingiaje? Sheria za Kiingereza zilipokelewa rasmi Tanganyika mwaka 1920. Tulipokuja kutunga Sheria yetu ya Ndoa mwaka 1971, kifungu cha 66 kilisema wazi hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Nilishangilia nilipokisoma. Kisha nikafika kifungu cha 125, cha malezi. Ustawi wa mtoto uliwekwa mbele ya yote. Halafu mahakama ikaambiwa itazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana umri wa kujieleza, na mila za jamii yao. Mtoto wa chini ya miaka saba (saba ileile!) akadhaniwa ni heri akae na mama, mpaka ithibitike vinginevyo.

Kipigo hakikuwekwa katika orodha hiyo. Mama aliyepigwa aliachiwa yeye kazi ya kumweleza hakimu kwamba ustawi wa mtoto ni pamoja na yale anayoyasikia usiku akiwa amejifunika shuka gubigubi.