Kutoka Mgodi wa Dhahabu hadi Soketi ya Uani

Fyuzi haikubuniwa kumwokoa mtu. Ilibuniwa kuokoa waya usichemke, na kwa hivyo kuiepusha nyumba na moto. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo ndani ya plagi ya pini tatu, ile iliyowekewa viwango Uingereza mwaka 1947 na ambayo mpaka leo inatumika Kenya, Uganda na Tanzania, hukaa kimya mtu anapopitiwa na umeme wa miliampea 100. Kwa fyuzi kiasi hicho si kitu: hakifiki hata robo ya umeme unaoliwa na balbu ya wati 100. Kwa moyo wa binadamu kinatosha kuvuruga mapigo na kuua.

Hatari hiyo huwa kubwa zaidi nje ya nyumba. Ndani mtu amevaa ndala, sakafu ni kavu. Uani yuko peku kwenye udongo mbichi, mkono mmoja umeshika mpira wa maji na mwingine pampu, na waya wa umeme umelala juu ya majani yenye umande.

Kinga ya kwanza ilikuwa ni waya wa ethi na nondo iliyochimbiwa ardhini. Wazo lilikuwa zuri: umeme ukivujia kwenye bodi ya chuma, ukimbilie ardhini kwa wingi mpaka fyuzi ikatike. Lakini udongo mkavu hauupitishi umeme kirahisi. Nondo yenye ukinzani wa omu 50, kwenye umeme wa volti 230, hupitisha ampea zisizofika 5. Fyuzi ya 13 haitikisiki, na bodi ya pampu hubaki na umeme, ikimngoja atakayeigusa.

Jibu lilitoka mahali ambapo wachache wangelitafuta: chini ya ardhi, katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Huko kulikuwa na maji, chuma na mashine za volti 525, na vifaa vya wakati ule vya kugundua uvujaji vilihitaji takriban ampea 10 ndipo vishtuke. Mwaka 1955 mhandisi Henri Rubin alitengeneza kifaa kilichokata umeme kwa uvujaji wa miliampea 250. Hakuridhika. Mapema mwaka 1956 alikuwa na kingine, cha volti 220, kilichoruka kwa miliampea kati ya 12.5 na 17.5. Kutoka ampea 10 hadi hapo ni hatua ya ajabu, na inastahili kukumbukwa zaidi ya inavyokumbukwa.

Kisha mwanamke mmoja akafa kwa umeme nyumbani katika kijiji cha wachimbaji cha Stilfontein. Kati ya 1957 na 1958 vifaa mia kadhaa vya miliampea 20 vikafungwa katika nyumba za kijiji hicho. Kinga iliyozaliwa mgodini ikawa imeingia katika makazi ya watu.

Ukikifungua kifaa cha aina hii, ambacho mafundi wetu wanakiita RCD, utaona pete ya chuma. Waya wa moto na waya wa nyutro hupita pamoja katikati yake. Umeme unaokwenda ukilingana na unaorudi, pete hutulia. Sehemu yake ikichepuka kupitia mwili wa mtu kwenda ardhini, kinachorudi hupungua. Koili ndogo iliyozungushwa kwenye pete huhisi upungufu huo na swichi hujikata kabla moyo haujavurugika. Hesabu hiyo haihitaji waya wa ethi, ndiyo maana kifaa hiki kinaweza kumwokoa mtu hata katika nyumba ya zamani isiyokuwa nao.

Lakini kikate kwa kiasi gani? Hapo ilibidi mwili wenyewe uulizwe. Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwapa watu waliojitolea waya washike, akauongeza umeme kidogo kidogo mpaka vidole vikakataa kuachia. Kwa wanaume wastani ulikuwa miliampea 16, kwa wanawake 10.5. Mwaka 1961 alibuni kifaa cha Kimarekani kinachokata kwa miliampea 5. Kule Austria, Gottfried Biegelmeier alijipima umeme kwenye mwili wake mwenyewe. Namba zinazosomeka leo kwenye vifaa hivyo zimetokana na maumivu ya watu wa namna hii.

Kanuni nazo zilianzia penye maji na udongo. Marekani ilianza na mabwawa ya kuogelea, na kufikia 1973 soketi za nje za nyumba zikawa lazima zilindwe. Bafu zilifuata mwaka 1975. Uingereza, katika kanuni zake za 1981, ilidai RCD ya miliampea 30 kwa soketi zinazolisha vifaa vya nje. Soketi nyingi za ndani zilisubiri mpaka 2008.

Kwenye uso wa kifaa kuna kitufe kidogo chenye herufi T. Ukikibonyeza, kinachepusha umeme kidogo kwa makusudi kupitia kirezista, na swichi inapaswa kudondoka papo hapo kwa mlio mkavu. Isipodondoka, soketi ya uani haina mlinzi, na aitwe fundi kabla pampu haijawashwa tena.