Aniceti Kitereza, Mwanafalsafa wa Ziwa Letu



Tukitaja wanafalsafa twakimbilia Ugiriki. Haya, Socrates hakuandika kitabu. Twamjua zaidi kwa kalamu ya mwanafunzi wake Plato. Lakini maji haya ya Kigongo yanazunguka pia Ukerewe, alikozaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896.

Kitereza alisoma Seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akajifunza Kilatini na falsafa ya Wazungu. Hata hivyo aliandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945. Swali lake lilikuwa zito: ndoa isiyo na mtoto ina thamani gani? Bugonoka anasimangwa na ndugu za mumewe hadi wazazi wake wanamchukua. Myombekere haoi mwingine. Anamfuata ukweni, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anailipa. Nadhani mwandishi alijua alichokisema, maana yeye na mkewe hawakubaki na mtoto.

Mchapaji wa Kikerewe hakupatikana. Mzee akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia. Miaka thelathini na mitano ya kungoja! Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mtu wa Ukerewe, alikitoa kwa Kiingereza.

Mwenye nakala ya Kiswahili nyumbani, tafadhali ailete maktabani siku ya mkutano wetu, vijana waisome.