Mkono wa Kula

Mama alipopatwa na kiharusi, uliolala ni upande wa kulia. Mguu ulirudi mapema. Baada ya miezi mitatu alikuwa anatembea mwenyewe hadi chini ya mwembe. Mkono ulibaki umejikunja kifuani. Nyumbani kwetu Buhare, si mbali na Chuo cha Maendeleo ya Jamii, ugali wa muhogo huwekwa katikati na kila mtu anamega. Siku aliyorudi kukaa nasi nilimwambia, "Mama, tumia tu wa kushoto." Akanitazama. "Mwanangu, huu ni wa chooni." Tangu hapo akawa anaomba apelekewe chakula chumbani.

Nikaanza kusoma jinsi madaktari walivyojifunza kupima mgonjwa wa namna yake. Kipimo kinachojulikana sana kilichapishwa Maryland, Marekani, mwaka 1965, na Florence Mahoney na Dorothea Barthel: mambo 10, alama 100. Kwenye kula, mgonjwa anapewa alama zote akiweza kukata chakula, kutia chumvi na pilipili, kupaka siagi. Kwenye kuvaa kuna kamba za viatu. Kuna na kupanda ngazi. Sikidharau. Ila hakiulizi ni mkono upi. Uma hauna haya; tonge linayo. Wala hakiulizi kufunga kanga, ambako mama alikuwa anashikilia pindo moja kwa meno.

Na wenye shida hii si wachache kwetu. Watafiti waliohesabu wagonjwa wapya kati ya 2003 na 2006 walipata, kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kama 109 wilayani Hai na 316 Dar es Salaam, umri ukishasawazishwa.

Kilichonishika zaidi ni habari ya Edward Taub, Mmarekani aliyechunguza kima waliokatwa mishipa ya hisia ya mkono mmoja. Waliuacha mkono huo kabisa, ingawa ungeweza kusogea. Alipowafunga ule mzima, wakaanza kuutumia. Kumbe mkono unaweza kufundishwa uvivu. Mwaka 2006 yakatoka matokeo ya utafiti wa watu 222, wote wakiwa na miezi 3 hadi 9 tangu kiharusi na mkono wenye uhai kidogo. Kundi moja lilivishwa glavu nene mkono mzima karibu siku nzima, wiki 2, huku likizoezwa ule dhaifu. Lilipona mkono kuliko wenzao, na nafuu ikadumu mwaka.

Nilikwenda kumweleza mama hayo jioni moja, bila kubisha hodi vizuri. Alikuwa ameketi mkekani, mkono wa kushoto ameukalia. Vipande vya ugali vimetapakaa kwenye kanga, dagaa wamemwagika. Wa kulia ulikuwa umeshika tonge bovu bovu, vidole vinatetemeka, nusu ya njia kuelekea mdomoni.

"Funga mlango," akasema. "Wajukuu wataona."

Nikaufunga, nikabaki ndani. Tonge lilianguka. Akaanza kumega jingine.