Historia Fupi ya Kitufe

Leo tuache habari za hifadhidata kidogo, tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mtengeneza tovuti hudhani anakijua: kitufe.

Hapa Pipeline ghorofa zimebanana na nyingi hazina lifti. Anayekaa juu kabisa na miguu haimsaidii hutegemea watu wampandishie maji na mtungi wa gesi. Tovuti nyingi zimejengwa vivyo hivyo: mwenye macho na kipanya anapita, wengine wanaomba msaada. Na msaada huo una bei yake. Asiyeweza kubonyeza "Lipa" mwenyewe humwachia jamaa wa saiba nywila yake.

Tulifikaje hapa? Turudi nyuma.

Mwaka 1997 W3C, shirika la viwango vya wavuti, lilianzisha mradi wa WAI kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Desemba mwaka uo huo HTML 4.0 ikatoka na tagi ya <button>. Tagi hii hufikiwa kwa Tab, huitikia Enter na Space, na programu ya kusoma skrini huitangaza kuwa ni kitufe. Yote hayo unapewa bure. Mei 1999 ukafuata mwongozo wa WCAG 1.0, ukataka ukurasa usitegemee kifaa kimoja tu.

Basi nini kiliharibika? Urembo, ndugu zangu. Vitufe vya vivinjari vilikuwa vya kijivu, na wabunifu walitaka vyao. Wakachukua <div>, wakaipaka rangi, wakaifunga onclick. Huo ni mlango uliochorwa ukutani: ukiutazama ni mlango, ukiupapasa ni ukuta. Mwaka 2005 Jesse James Garrett akaupa mtindo wa Ajax jina lake. Kurasa zikawa zinabadilika bila kupakiwa upya, na anayesoma kwa masikio haambiwi kilichobadilika.

Dawa ilikuwa WAI-ARIA, iliyopitishwa kuwa kiwango kamili Machi 2014. Kwa role="button" unasema kitu ni nini, kwa aria-expanded unasema menyu imefunguka au imefungwa. Lakini sikiliza vizuri: ARIA hutangaza tu, haitendi. <div> yenye role="button" bado haifikiwi kwa Tab mpaka uweke tabindex="0", na Enter na Space hazifanyi kitu mpaka uziandikie JavaScript. Ukikomea kwenye role, umebandika kibao cha "mlango" juu ya ule ukuta.

Na kwetu Kenya? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilizungumzia majengo, magari ya umma, televisheni na simu. Mwaka 2006 NVDA ilianzishwa Australia, programu ya kusoma skrini isiyolipiwa, na kwa mfuko wa Mkenya hilo si jambo dogo. Shirika la inABLE la Irene Mbari-Kirika, lililoanzishwa 2009, likapeleka maabara ya kompyuta katika shule ya wasioona ya Thika. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, ikataja haki ya kufikia habari. Mwaka 2022 tukapata kiwango chetu wenyewe, KS 2952, kuhusu bidhaa na huduma za TEHAMA.

Angalia mpangilio huo. Vijana wa Thika walikuwa wanajifunza kibodi miaka kadhaa kabla ya kiwango cha nchi kuandikwa. Watumiaji walitangulia, milango ikachelewa. Na kitufe halisi kilikuwepo tangu 1997!

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama tagi ya HTML ipo, itumie, kisha uipambe kwa CSS upendavyo. ARIA iwe ya pale ambapo hakuna tagi. Halafu chomoa kipanya, ujaribu kulipa kwenye tovuti yako mwenyewe kwa Tab na Enter peke yake. Ukikwama, mteja wako amekwama pia, na pengine hivi sasa anamtajia mtu mwingine nywila yake.